Karani wa Mchana, Mwigizaji wa Usiku

Natumaini taa imewashwa, kila mtu amepata mahali pa kukaa, na redio inasikika hata kwa wale walioketi nyuma. Najua wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi na miili imechoka. Basi leo nitawasimulia habari za mtu mmoja ambaye naye alikuwa akitoka kazini jioni na kwenda kujifunza kazi nyingine. Alifanya hivyo kwa miaka mingi.

MANENO YA LEO

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno manne ubaoni: karani, jukwaa, mwigizaji, tuzo.

Karani ni mtu afanyaye kazi ya kuandika na kutunza barua au hesabu ofisini. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa mbele ya watu, ili anayesimama hapo aonekane na wote. Mwigizaji ni mtu anayejifanya mtu mwingine katika mchezo, awe mfalme, mlevi au mzee wa kijiji, na watu wakamtazama na kusadiki. Tuzo ni zawadi ya heshima apewayo mtu aliyefanya kazi yake vizuri kupita wenzake.

Someni maneno hayo kwa sauti, wote pamoja. Vema. Sasa tuendelee.

HABARI YENYEWE

Ikiwa mnayo ramani ya dunia ukutani, tazameni Uingereza. Upande wake wa magharibi, ng'ambo ya bahari nyembamba, kuna kisiwa kiitwacho Ireland. Mji wake mkubwa ni Dublin. Katika mji huo, mwezi wa Machi mwaka 1888, alizaliwa mtoto aliyeitwa William Joseph Shields. Watu wa kwao walimwita Will. Siku zile kisiwa chote kilikuwa chini ya utawala wa Waingereza.

Will alipokuwa kijana alisoma masomo ya kumtayarisha kwa mtihani wa kazi ya serikali. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 23, alipata kazi ya ukarani. Ninyi mnajua maana ya kazi kama hiyo. Mshahara hauwi mkubwa, lakini mwisho wa mwezi unafika, na mtu akizeeka anapata pensheni yake. Wazazi hufurahi mtoto wao anapopata kazi ya namna hiyo, nao humwambia: shika hapo hapo, usiiachie.

Sasa, katika mji wa Dublin palikuwa na jumba la michezo liitwalo Abbey. Lilifunguliwa mwezi wa Desemba mwaka 1904. Walioongoza kazi hiyo walikuwa mshairi W. B. Yeats na bibi mmoja mwandishi, Lady Gregory. Walitaka watu wa Ireland waone maisha yao wenyewe jukwaani, na kusikia usemi wa kwao. Kabla ya hapo michezo mingi iliyoonyeshwa Dublin ilitoka Uingereza. Mtu wa Ireland alipoonekana ndani yake, mara nyingi alikuwa mjinga wa kuchekwa tu.

Will alikuwa na mdogo wake jina lake Arthur, ambaye alikuwa mwigizaji katika jumba hilo. Will naye akapenda kazi ile. Alianza katika vikundi vya watu wanaoigiza kwa kujifurahisha, bila malipo, kisha akapewa sehemu ndogo ndogo katika jumba la Abbey. Mchana alikaa kwenye meza yake ya ofisi. Usiku alikwenda jukwaani.

Lakini aliogopa jambo moja. Je, wakubwa wake wa kazi wakijua kwamba karani wao usiku anacheza mbele ya watu, watasema nini? Basi akajitafutia jina jingine la kutumia jukwaani. Akajiita Barry Fitzgerald. Hivyo jina la William Shields likabaki ofisini, na jina la Barry Fitzgerald likawa la usiku.

Nikisoma habari hii namkumbuka mzee mmoja aliyekuja katika darasa langu la kwanza la kusoma na kuandika. Daftari lake alilificha ndani ya koti, na koti akalifunga vifungo vyote, ingawa joto lilikuwa kali. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwalimu, majirani wakiniona na daftari watasema mzee amekuwa mtoto." Labda katika ninyi mnaonisikiliza yuko mtu aliyepita njia ya nyuma kuja darasani jioni hii. Kama yuko, asione haya. Hata huyu Barry Fitzgerald alianza kwa kujificha.

Wala hakuanza kwa kufanya vizuri. Inasimuliwa kwamba katika mchezo mmoja wa mwanzo alipewa maneno manne tu ya kusema. Maneno manne, tena mafupi. Siku ilipofika akaingiwa na woga, ulimi ukajikwaa, herufi za neno moja zikahamia kwenye neno jingine, na watu wakacheka. Fikirini aibu yake. Mtu mzima, karani wa serikali, ameshindwa na maneno manne! Lakini jioni nyingine alirudi. Tena akarudi.

Mwaka 1919 aliigiza katika mchezo wa Lady Gregory uitwao The Dragon, na watu wakaanza kumtambua. Alikuwa amekwisha pita miaka 30. Hata hivyo hakuacha ofisi. Asubuhi yake alikuwa mezani kama kawaida.

Hapa lazima niwatajie mtu wa pili, maana bila huyo habari haikamiliki. Jina lake ni Seán O'Casey. Alizaliwa Dublin mwaka 1880 katika nyumba iliyokuwa na shida. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, kwa hiyo shule hakuipata sawasawa, akajifundisha kusoma mwenyewe. Kisha kwa miaka mingi alifanya kazi za mikono, kazi za sururu na koleo, hata kwenye reli. Usiku alikuwa akisoma na kuandika. Alipeleka michezo yake Abbey ikarudishwa. Akaandika mingine. Mwaka 1923, akiwa na miaka 43, mchezo wake wa kwanza ulionyeshwa katika jumba hilo.

Mwaka uliofuata, 1924, O'Casey alileta mchezo uitwao Juno and the Paycock. Unahusu jamaa moja maskini inayokaa katika nyumba kubwa iliyochakaa, ambamo kila chumba kina wapangaji wake. Baba wa jamaa hiyo ni Boyle, ambaye hujiita Kapteni. Hujisifu kwa safari za baharini, na baharini hakwenda ila kidogo. Akisikia kwamba pana kazi mahali fulani, papo hapo miguu inamwuma. Mkewe Juno ndiye anayefanya kazi na kulisha nyumba.

Barry Fitzgerald ndiye aliyeigiza Kapteni Boyle. Watu walicheka sana, kwa sababu kila mtaa unaye Boyle wake. Lakini mchezo hauishi kwa kicheko. Kijana wa nyumba hiyo anauawa, binti anaachwa na mchumba, vyombo vya nyumba vinachukuliwa, na baba bado amelewa. Ireland yenyewe ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1922 na 1923. Wengi waliokuwa wameketi pale walikuwa na wafu wao nyumbani. Mwigizaji wa Boyle alitakiwa kuwachekesha watu hao, na kicheko hicho hicho kiwaonyeshe hasara ya baba asiyefaa. Kazi hiyo si nyepesi.

Mwaka 1926 O'Casey alileta mchezo mwingine, The Plough and the Stars. Huu ulihusu maasi ya mwaka 1916, ambapo watu wa Ireland waliinuka dhidi ya utawala wa Waingereza katika mji wa Dublin. Mwandishi hakuwaonyesha mashujaa peke yao. Aliwaonyesha pia walevi, waoga, wenye kupora maduka, na wanawake waliofiwa. Baadhi ya watazamaji walikuwa ndugu za waliokufa katika maasi hayo, wakaona wamedharauliwa. Usiku mmoja pakatokea fujo. Watu wakapiga kelele, wengine wakapanda jukwaani, na waigizaji wakapigana nao. Yeats akasimama mbele ya watu akawakemea.

Barry Fitzgerald alikuwamo katika mchezo huo, akiigiza seremala aitwaye Fluther Good. Na mdogo wake Arthur alikuwa na habari zake: mwaka 1916 mwenyewe alishika bunduki katika maasi yale, akafungwa. Kwa hiyo waliosema kwamba waigizaji wa Abbey hawaijui nchi yao hawakusema kweli.

Sasa tunafika penye uamuzi mkubwa. Mwaka 1929 mchezo mwingine wa O'Casey, The Silver Tassie, uliokuwa umekataliwa na Abbey, ulipata nafasi London. Barry Fitzgerald alitakiwa kwenda kuuigiza. Hapo karani na mwigizaji hawakuweza tena kukaa katika mwili mmoja. Alikuwa na miaka 41. Kazi ya serikali alikuwa ameishika kwa miaka 18. Akaiacha.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Siwaambii kesho mkaache kazi zenu. Angalieni alivyofanya. Hakuruka gizani. Kwa miaka mingi alikuwa akiijaribu njia ile kila usiku, hata akajua mashimo yake yote. Alipoondoka ofisini, kazi mpya alikuwa ameijua tayari.

Mwaka 1930 alionekana katika sinema, katika filamu ya Juno and the Paycock iliyotengenezwa na Alfred Hitchcock. Kisha alisafiri Marekani pamoja na waigizaji wa Abbey. Mwaka 1936 mtengenezaji wa filamu John Ford aliwaita waigizaji kadhaa wa Abbey waende Hollywood, huko Marekani, ili kuitia The Plough and the Stars katika sinema. Barry Fitzgerald alikwenda. Umri wake ulikuwa miaka 48.

Huko ilimbidi kujifunza tena. Jukwaani mwigizaji hupaza sauti ili mtu wa kiti cha mwisho asikie, na habari huanza mwanzo ikaenda hadi mwisho. Katika sinema kamera husogea karibu na uso, hata kupepesa macho kunaonekana. Tena habari hupigwa vipande vipande, pengine mwisho ukapigwa kabla ya mwanzo. Lakini uso wake wenye makunyanzi na sauti yake ya Dublin vilifaa sana.

Mwaka 1944 ilitoka filamu iitwayo Going My Way. Ndani yake Barry Fitzgerald ni padre mzee wa Kikatoliki, mwenye hasira kidogo na moyo mwema, anayeletewa padre kijana wa kumsaidia. Mwigizaji mwenyewe alilelewa katika familia ya Kiprotestanti, lakini aliyemtazama hakuona ila padre. Kwa kazi hiyo moja jina lake liliandikwa mara mbili katika mashindano ya tuzo ya Oscar, mara ya kwanza kama mwigizaji mkuu na mara ya pili kama mwigizaji msaidizi. Baadaye kanuni zilibadilishwa ili jambo hilo lisitokee tena. Mwaka 1945 alipewa tuzo ya mwigizaji msaidizi.

Wakati ule wa vita kuu madini yalikuwa haba, kwa hiyo sanamu ya tuzo ilitengenezwa kwa plasta, kama ile afungwayo mtu aliyevunjika mguu. Siku moja Barry Fitzgerald alikuwa nyumbani akijizoeza gofu. Fimbo ikaipiga sanamu, kichwa kikang'oka! Alipewa nyingine.

Mwaka 1951 alirudi Ireland kupiga filamu ya The Quiet Man, iliyotoka mwaka 1952. Humo aliigiza mshenga wa kijiji, apelekaye posa juu ya mkokoteni wa farasi. Mdogo wake Arthur alikuwamo pia. Mwisho alirudi kukaa Dublin, akafa huko mwezi wa Januari mwaka 1961, akiwa na miaka 72.

Lile jina alilolibuni ili ajifiche, ndilo watu wa nchi nyingi walilolijua. Jina la karani likasahauliwa.

Na yule mzee wangu wa koti? Mwezi wa nne wa masomo alikuja amelishika daftari mkononi, akipita njia kuu. Sikumwuliza neno. Nilimpa chaki akaandika jina lake ubaoni.

MASWALI

1. Kwa nini William Shields alijipa jina jingine?
2. Seán O'Casey alijifunzaje kusoma?
3. Barry Fitzgerald alikuwa na miaka mingapi alipoacha ukarani? Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi?
4. Kapteni Boyle ni mtu wa namna gani? Zungumzeni: je, ni vema kumcheka?

Kazi ya nyumbani: kila mtu aandike sentensi tatu juu ya jambo analojifunza baada ya kazi. Asiyeweza tatu aandike moja. Juma lijalo zisomwe kwa sauti mbele ya wenzenu, na ulimi wa mtu ukijikwaa, msubirini amalize.

Kwaherini, na usiku mwema.