Chunusi zimekwisha, asidi ya nini?

Kama umepita karibuni katika maduka ya vipodozi ya Kariakoo, au hata kwenye meza za wamachinga karibu na vituo vya daladala, utakuwa umeziona chupa ndogo, ukubwa wa chupa ya dawa ya macho, zimepangwa pembeni ya poda na mafuta ya mgando. Baadhi zina karatasi yenye maandishi ya lugha tusizozisoma. Nyingine hazina karatasi yoyote, ila asilimia iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ukimuuliza muuzaji ni nini, atakujibu bila kupepesa macho kwamba hiyo ni dawa ya makovu ya chunusi: unapaka leo, ngozi inaambuka kesho kutwa, na wiki ijayo una uso mpya.

Ndani ya chupa hizo mna asidi. Nataka tuizungumze leo taratibu, maana maswali ninayoulizwa juu ya jambo hili sasa yanashindana na yale ya maji na umeme, na katika jiji hili hilo si jambo dogo.

Kwanza tuwe waadilifu. Kuambua ngozi kwa asidi si uganga wa mitaani. Daktari wa ngozi wa Hamburg, Ujerumani, Paul Gerson Unna, aliandika habari za asidi hizi tangu mwaka 1882, na madaktari wanazitumia mpaka leo. Zipo za upole: ile ya maziwa yaliyochacha, ile inayopatikana katika muwa, na ile iliyo ndugu wa aspirini. Ipo kali zaidi, ambayo madaktari huiita kwa kifupi TCA. Hiyo ni binamu wa siki tunayotia kwenye kachumbari, lakini ni binamu aliyeongezewa klorini na hana utani. Na juu ya zote ipo fenoli, ambayo haiishii usoni. Hupenya, huingia katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Huko São Paulo, Brazil, mwezi Juni 2024 kijana wa miaka 27 alifariki baada ya kupakwa fenoli usoni katika kituo cha urembo, na mwezi huohuo serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku fenoli katika kazi za urembo na afya.

Kwa lugha ya jikoni, tiba hii ni kuunguza kwa kipimo. Ngozi ya juu inakufa, inaanguka, na nyingine inaota mahali pake. Siri yote iko katika neno kipimo. Ukiunguza juu juu tu, ngozi inarudi salama. Ukivuka mpaka ukafika chini, inayorudi si ngozi tena bali kovu. Na kati ya hapa na pale ni unene usiozidi karatasi chache.

Sasa, asilimia iliyoandikwa kwenye chupa haisemi kila kitu. Asidi ya muwa yenye asilimia 30 inaweza kuwa ya upole au ya kuchoma kutegemea ukali wa maji yake, ambao hupimwa kwa kipimo kingine kabisa. Inategemea pia umepaka mara ngapi, umeiacha dakika ngapi, na kama jana yake ulijisugua kwa dodoki. Asidi hiyo ya muwa walau unaweza kuizima kwa maji ya magadi au kuiosha. TCA hapana. Ikigusa ngozi hugandisha protini kama yai linavyoganda kwenye kikaango, na ikishagandisha huwezi kuirudisha nyuma kwa kunawa. Daktari anayeipaka hutazama weupe unaojitokeza kwenye ngozi, mithili ya umande au chokaa, na kwa namna weupe huo ulivyo hujua amefika kina gani. Ni jicho lililofundishwa kwa miaka. Msichana aliye peke yake bafuni, kioo mkononi, macho yanamtoka machozi kwa mwasho, anaona nini?

Wapo wanaoniambia: lakini mbona kwenye video za simu wanatumia hata ya asilimia 100? Ni kweli, ipo njia hiyo. Madaktari wa Korea Kusini waliieleza mwaka 2002. Lakini katika njia hiyo daktari huchukua kijiti kilichochongwa ncha, akagusa ndani ya shimo moja la kovu, kisha jingine, na kuacha ngozi yote iliyo katikati bila kuguswa. Baada ya hapo husubiri wiki kadhaa kabla ya kurudia. Kumwaga dawa hiyohiyo kwenye pamba na kupangusia uso mzima ni sawa na mtu aliyeona fundi akichomelea geti, akaenda kuwasha moto nyumba nzima.

Lipo jambo jingine ambalo wauza chupa hawalisemi, pengine kwa kuwa hawalijui. Wengi wetu tunaosema tuna makovu ya chunusi hatuna makovu. Tuna madoa. Ngozi nyeusi ikiumia, hata kwa kipele, humwaga rangi nyingi mahali pale, na doa hubaki baada ya kipele kuondoka. Pitisha kidole: kama uso ni laini na tofauti ni rangi tu, hilo ni doa, na madoa hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka na zaidi, mradi usiyatumbue na usiyaache juani. Kama kidole kinazama, hilo ni shimo, nalo asidi ya upole ya dukani haiwezi kulijaza. Na kama kidole kinapanda, kovu limevimba, basi asidi kali inaweza kuliongezea ukubwa. Kwa maneno mengine, mwenye doa hana haja ya asidi kali, mwenye shimo anahitaji mkono wa daktari, na mwenye kovu la kuvimba aikimbie.

Na hapa ndipo penye ubaya wenyewe kwa watu wa rangi yetu. Ngozi ile ile iliyomwaga rangi kwa sababu ya kipele kidogo, ukiiunguza kwa asidi humwaga rangi zaidi. Unakwenda kutoa doa la ukubwa wa punje ya choroko, unarudi na doa la ukubwa wa kiganja.

Mtoto wa kaka yangu ndivyo ilivyomkuta. Ana miaka 24, chunusi zilishamwacha, na harusi yake ilikuwa imebaki wiki tano. Kadi za mchango zilishagawiwa, sare za kitchen party zilishashonwa. Alinunua chupa moja, akaelekezwa apake na kuhesabu hadi mia tatu. Nilipomkuta alikuwa amekaa chumbani madirisha yamefungwa, kanga imefunika uso mpaka machoni. Hakulia. Aliniambia tu, "Shangazi, nilihesabu kama alivyosema." Mashavu yote mawili yalikuwa yamekuwa meusi kama sufuria ya mkaa, na pembeni ya kidevu palikuwa na kidonda kibichi. Mama yake alikuwa ameshampaka asali na dawa ya meno. Tulikwenda hospitali. Daktari hakuandika dawa nyingi: sabuni isiyo kali, mafuta ya mgando kwenye kidonda, kofia, kivuli, na miezi. Harusi ilifungwa siku ileile iliyopangwa, kwa sababu ukumbi ulishalipiwa. Mpambaji alimpaka vipodozi vizito kiasi kwamba bibi yake alimuuliza jirani huyo bibi harusi ni nani. Picha zipo. Hazitazami.

Nilimtafuta muuzaji yule, si kwa ugomvi, nilitaka tu kuona anapata wapi mali yake. Aliniambia huletewa dumu, naye hugawa kwenye chupa. Nikamuuliza dumu limeandikwa nini. Akasema dumu halikuwa na maandishi.

Sheria zipo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyotupa mamlaka ya TFDA, na tunakumbuka wote jinsi karolaiti na ndugu zake zenye haidrokwinoni na zebaki zilivyokamatwa na kuteketezwa. Tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hukagua kitu chenye jina. Chupa isiyo na jina, inayotoka kwenye dumu lisilo na jina, inapita katikati ya vidole vya sheria. Tusijidanganye kwamba ni shida yetu peke yetu: mwezi Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha raia wake wasinunue wala kutumia dawa hizi za kuambua ngozi bila mtaalamu, kwa kuwa watu walikuwa wakiungua majumbani.

Sitaki kuwalaumu wasichana, wala vijana wa kiume, ambao siku hizi nao wananunua kwa ajili ya vipele vya kunyolea ndevu. Tunawaita uso wa karanga tangu shule ya msingi, kisha tunashangaa wakitafuta dawa. Na daktari wa ngozi hapatikani kila kata. Kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichoanzishwa Moshi, pale KCMC, mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, lakini wanaohitaji ni wengi mno, na nauli ya basi peke yake inashinda bei ya chupa ile. Mtu hupima mfuko wake.

Kwa hiyo nasema na yule ambaye chupa tayari anayo kabatini. Kama bado unatoka chunusi, tibu chunusi kwanza. Zipo dawa za bei ya kawaida katika maduka ya dawa yenye mfamasia, muulize yeye, si muuza mafuta. Kama umewahi kutumia vidonge vikali vya chunusi, kama u mjamzito, kama ngozi yako hufanya makovu ya kuvimba, au kama ulikuwa ukipaka mkorogo, usiifungue kabisa. Mkorogo huacha ngozi nyembamba, na asidi hupita humo kama maji kwenye chujio.

Na aliyekwisha kupaka, akahisi moto badala ya mwasho: maji safi yanayotiririka, mengi, dakika 20 bila kuchoka, hata kama TCA imeshafanya kazi yake, maana huenda imebaki nyingine juu. Usikamulie ndimu. Usipake dawa ya meno. Ikiingia jichoni, osha jicho na uende hospitali usiku huohuo. Chukua na chupa yenyewe, hata kama limebaki tone moja na hata kama unaona aibu, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa umepaka nini.