Elimu ya Desturi za Watu: Je, Yafaa Kijana Wetu Kuisoma Chuo Kikuu?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



 Jambo tulilotakiwa kulieleza ni ile elimu iitwayo anthropolojia ya jamii, isomwayo katika vyuo vikuu kwa ajili ya kupata digrii ya kwanza. Si jambo la mbali nasi. Kijana amalizapo masomo ya sekondari, mara nyingine huwaambia wazazi wake kuwa hataki uhasibu wala sheria, bali ataka elimu hiyo. Wazazi nao humrudishia maswali matatu. La kwanza: ni elimu ya nini, maana desturi zetu twazijua, je, mtoto alipiwe ada akafundishwe jinsi ya kuposa? La pili: je, hii si ile elimu ambayo watawala waliitumia kutupima kama wapimavyo ng'ombe mnadani? La tatu, nalo ndilo zito kwa mtu wa mshahara: akimaliza atakula nini? Tutayajibu moja baada ya moja, wala hatutaficha lililo chungu.

Kwanza, ni elimu gani. Hapo zamani wataalamu wa Ulaya waliandika juu ya watu wa nchi za mbali pasipo kuwaona. Bwana James Frazer, aliyepewa cheo cha profesa wa elimu hii huko Liverpool mwaka wa 1908, alijaza vitabu vingi kwa kusoma habari za wamisionari na wasafiri, naye ameketi chumbani mwake. Aliyeigeuza njia hiyo kuliko wengine ni Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Poland. Kati ya mwaka wa 1915 na 1918, kwa safari mbili, alikaa katika visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea. Alipiga hema kijijini, akajifunza lugha, akawatazama watu wakilima, wakigombana na wakizika. Wahenga wetu walikwisha sema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu hapo, mtaalamu wa elimu hii hahesabiwi kuwa mtaalamu mpaka ameshika jembe hilo.

Katika kitabu chake cha mwaka wa 1922 Malinowski alieleza mabadilishano yaitwayo kula. Watu wa visiwa vile huvuka bahari kwa mitumbwi, kwa hatari kubwa, ili kupeana mikufu ya kombe nyekundu na vikuku vya kombe nyeupe. Mikufu huzunguka visiwa upande huu, vikuku upande ule, wala hakuna akaaye na kitu daima. Vikuku vingi ni vidogo, hata havivaliki. Mpita njia angesema ni upuuzi mtupu. Aliyekaa nao aliona kuwa nyuma ya vitu vile hufuata urafiki, sifa, amani baina ya visiwa, na biashara ya vitu vya matumizi. Nasi na tujiulize: daftari la michango ya harusi, liandikwalo jina na fedha ya kila mtu, je, ni hesabu ya fedha tu? Kila mmoja hapa ajua ya kuwa asiyechanga leo atakumbukwa siku yake itakapofika. Basi, kuona jambo hilo na kulieleza kwa utaratibu, hiyo ndiyo elimu tunayoisema. Kuijua desturi ni jambo moja. Kujua inafanya kazi gani ni jambo jingine. Samaki ayajua maji, lakini hawezi kuyaeleza.

Katika Uingereza masomo haya huchukua miaka mitatu kwa kawaida, na katika Uskochi miaka minne. Mwanafunzi hufundishwa habari za ukoo na ndoa, riziki na biashara, utawala na hukumu, dini na uchawi. Husoma vitabu vizima, si dondoo za kukariri, kisha huandika insha na kuitetea mbele ya mwalimu na wenzake. Mwaka wa mwisho, katika vyuo vingi, huandika utafiti wake mwenyewe. Katika nchi zetu pia elimu hii hufundishwa, mathalani katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na sosholojia.

Tutoe mifano miwili ya yale asomayo. Bwana E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu cha mwaka wa 1937, alieleza habari za Wazande. Ghala likianguka na kuwaumiza watu waliopumzika kivulini mwake, Wazande wajua vema ya kuwa mchwa wamekula nguzo. Hilo halina ubishi. Waulizalo ni hili: kwa nini lilianguka saa ileile, juu ya watu walewale? Hapo ndipo watajapo uchawi. Mwanafunzi hafundishwi kuamini uchawi, wala kuucheka. Hufundishwa kuona kwamba swali lile ni la mtu mwenye akili timamu. Na mwaka wa 1940 mtaalamu huyohuyo alieleza jinsi Wanuer wa Sudan Kusini walivyokaa bila mfalme wala polisi, na hata hivyo wakawa na utaratibu wa ukoo, wa ugomvi na wa mapatano. Karani aliyefundishwa kwamba pasipo ofisi hapana serikali, akisoma kitabu hicho atafikiri mara mbili.

Sasa swali la pili, nalo ni chungu. Ni kweli kwamba elimu hii ilikaa mezani pamoja na watawala. Katika Tanganyika, wilaya ya Iringa, mtaalamu Gordon Brown na ofisa wa Serikali Bruce Hutt walifanya jaribio la pamoja: ofisa aulize maswali ya kazi yake, mtaalamu ayajibu kwa habari za Wahehe. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1935. Baadaye Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa Serikali katika nchi hiyohiyo, aliandika sheria za jadi za Wahaya na za Wasukuma. Kazi hizo zina faida mpaka leo. Walakini desturi iliyokuwa ikijadiliwa na wazee barazani, ikigeuka kwa haja ya watu, mara ilipoandikwa ilikauka kama tope juani, ikawa kifungu cha sheria. Na mipaka ya makabila, iliyokuwa ikivukwa kwa ndoa na kwa utani, ilichorwa kwa wino.

Tena lipo jambo litupasalo kulisema sisi hasa. Ni nani aliyefasiri maneno ya wazee? Ni nani aliyepeleka habari kwamba mgeni aja, akamtafutia nyumba, akamwambia yupi asema kweli na yupi adanganya? Mara nyingi alikuwa karani, au mkalimani, au mwalimu: mtu wa kazi kama yetu. Majina ya watu hao mara nyingi hayakuandikwa vitabuni, au yaliwekwa kwa herufi ndogo penye shukrani. Basi kumpeleka kijana wetu akaisome elimu hii si kumpeleka ugenini. Ni kumrudisha mahali ambapo watu wa kazi yetu walifanya kazi pasipo kutajwa.

Wala si sisi wa kwanza kusema hivi. Okot p'Bitek wa Uganda alipoisoma Oxford miaka ya 1960 alichukizwa na waalimu waliowaita watu wa Afrika washenzi, akaandika kitabu cha kuwapinga. Archie Mafeje wa Afrika Kusini aliteuliwa mwaka wa 1968 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Serikali ya ubaguzi ikashurutisha, na kazi ile akanyimwa. Mwaka wa 1971 akaandika kwamba neno kabila, walivyolitumia wengi, laficha mambo kuliko linavyoyafunua. Mabwana hawa waliijua elimu hii kwa ndani, ndiyo maana waliweza kuishitaki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena wapo walioigeuza silaha. Jomo Kenyatta alisoma London School of Economics chini ya Malinowski, na mwaka wa 1938 akatoa kitabu juu ya Wakikuyu. Katika kitabu hicho alionyesha kuwa ardhi ya Kikuyu haikuwa pori lisilo na mwenyewe, wala mali ya wote kwa jumla, bali ilikuwa na wenyewe, ukoo kwa ukoo, na haki zao zajulikana. Wakati ule mashamba yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa, kwa hiyo maneno hayo hayakuwa mchezo wa darasani. Naye Kofi Busia wa Ghana, aliyesoma Oxford, alitoa mwaka wa 1951 kitabu juu ya cheo cha machifu wa Ashanti. Baadaye akawa Waziri Mkuu wa nchi yake, 1969 hata 1972.

Swali la tatu: atakula nini? Tuseme kweli. Digrii hii haimpi mtu kazi yenye jina lake, kama ya udaktari au uhandisi. Ni vigumu kuona mlango wa ofisi ulioandikwa neno hilo. Mzazi atakaye mtoto apate kazi siku ya pili baada ya mtihani, na aijue hatari hii kabla hajauza shamba. Lakini kazi zitakazo watu wa namna hii zipo: mambo ya ardhi, afya, wakimbizi, majumba ya makumbusho, utafiti na ualimu. Ukumbukeni ugonjwa wa Ebola katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, 2014 hata 2016. Amri ya kuwazika wafu upesi, katika mifuko, bila jamaa kuwaaga, iliwafanya watu wengine kuwaficha wagonjwa wao. Wataalamu wa desturi walipoulizwa, na wazee wa dini waliposhirikishwa, mazishi yaliruhusiwa sala na heshima pasipo kugusa maiti. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu wa mazishi ya salama na ya heshima. Dawa na amri, bila kuwajua watu, hurudi mlangoni zilikotoka. Sisi tukaao ofisini twalijua hilo kwa nyaraka ngapi zilizopuuzwa!

Basi shauri letu ni hili. Kijana apendaye kusoma vitabu vinene, mwenye masikio kuliko mdomo, asizuiwe kwa sababu ya jina gumu la elimu. Yule atafutaye njia nyepesi ya kupata cheti, na azuiwe. Aendaye na ajifunze pamoja nayo jambo moja la mkono, kama hesabu za takwimu au sheria za ardhi. Na aijue lugha ya bibi yake vema kabla ya kwenda kuulizia lugha za wengine. Siku atakapokwenda vijijini na daftari, aombe ruhusa kwanza, aeleze aandikalo, na mtu atakaye jina lake litajwe, alitaje.

Na sisi wazazi tusikae kimya. Wazee wangali hai wajuao mipaka ya mashamba, hukumu za baraza, na sababu za utani. Kijana akirudi likizo na maswali yake, tusimwambie kwamba atupotezea wakati. Tumkalishe kitako, tumwite mzee, chai iandaliwe, na kalamu ianze kazi.

Tumekwisha.  Maswali yenu twayangoja.