Kifaa cha Umeme cha Kutuliza Maumivu

Huenda nyanya ameumwa na mgongo miezi mingi, nanyi mmemnunulia kile kifaa kidogo cha betri chenye vibandiko, kiitwacho TENS. Kifaa hiki hupitisha umeme mdogo kwenye ngozi, nao hupunguza habari za maumivu zinazofika kwenye ubongo. Hutuliza tu, hakiponyi chanzo.

Mwenye mashine ya moyo mwilini asikitumie. Mama mjamzito asikiweke tumboni. Usikibandike kwenye kidonda wala mbele ya shingo, na nyanya asilale nacho.

Miguu yake ikiishiwa nguvu, au mkojo ukimtoka bila kujua, usimbandike chochote. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.