Mkanda Ulioingia Nuru

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za kamera. Huenda mmoja wenu atauliza, pasta na kamera wapi na wapi? Twamwomba avumilie kidogo, maana jambo hili tumekuwa nalo tangu utoto, na ndani yake mna deni moja ambalo tulikawia sana kulilipa.

Kamera ya kwanza tuliyoishika ilikuwa Kodak Instamatic ya mjomba wetu. Tulikuwa darasa la sita, mwaka 1991, nyumbani Kangemi. Ilikuwa kijisanduku kisichohitaji ufundi: mkanda wake ulikuja umefungwa katika kaseti, ukaipachika, ukafunga kifuniko, ukabonyeza. Picha zilitoka mraba. Mwaka huo huo Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu, alipoteza mkono katika mlipuko mjini Addis Ababa. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Sisi wavulana tulimtamani kuliko wachezaji wa mpira. Alikufa mwaka 1996, ndege aliyoipanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro, na siku ile tulilia kama waliofiwa.

Tulipokuwa sekondari tulinunua Yashica ya mtumba kwa mzee mmoja aliyepiga picha Uhuru Park, mmoja wa wale waliobandika picha za mfano ubaoni na kuwaita wapita njia. Mzee yule alitupa mafundisho mawili bure. Usimpige mtu picha akiwa amelipa jua mgongo, kama wataka kuuona uso wake. Na usiifungue kamera hata siku moja kabla ya kuurudisha mkanda. La kwanza tulilishika.

Kisha tukaenda Limuru, Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Paulo, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2007, na huko tukapata Pentax K1000. Wapenzi wa kamera wataielewa furaha yetu. Ni chuma, nzito kama tofali. Betri yake ni ya sindano ya kupima mwanga tu. Hata ikifa, kamera yaendelea kupiga. Ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997, nayo haikubadilishwa sana. Kila kitu wafanya kwa mkono wako, na picha 36 zikiisha wabonyeza kitufe cha chini, wauzungusha mkanda kwa kishikio mpaka urudi wote katika kibweta chake. Ndipo wafungua mgongo wa kamera, si kabla.

Mwaka 2006 tulikuwa shemasi huko Kawangware. Jumapili moja walibatizwa watoto tisa, na kasisi wetu akatuomba tupige picha. Jioni, tumechoka na tumeshiba chai ya akina mama, tuliufungua mgongo wa kamera tukidhani tumekwisha kuurudisha mkanda. Ulikuwa umenyooka mbele yetu. Tukafunga upesi, lakini nuru haingoji mtu. Tukauzungusha, tukautia mkanda katika mtoto wa meza, na wazazi walipouliza tukasema, "Studio ya mjini imeuharibu." Tena tukaitaja studio yenyewe. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumewafundisha watoto wa kipaimara amri ya ushahidi wa uongo.

Wazazi walinung'unika, wakasamehe. Wengi wakaacha kupeleka mikanda yao kwenye studio ile. Baada ya wiki sita mmoja wa wale watoto tisa akafa kwa nimonia. Mama yake hakuwa na picha yake nyingine. Akatujia, akasema, "Pasta, hata kivuli chake tu." Nasi, ndugu zangu, tukaurudia uongo ule ule mbele ya mama aliyefiwa.

Mama yule akapanda matatu ya 46, akaenda mjini mwenyewe. Kijana wa studio akamfungulia kitabu, kwa kuwa kila mkanda uliopokewa uliandikwa humo kwa jina na nambari. Jina letu halikuwamo. Jioni alisimama mlangoni pa chumba cha mavazi, hakupaza sauti. "Pasta, nimeonyeshwa kitabu. Mkanda wenu haumo."

Tukamwambia yote. Asubuhi tukaupeleka mkanda studio ile ile, tukamwomba radhi kijana. Alikuwa amekwisha kuambiwa na tajiri wake kwamba wateja wa Kawangware wamepungua kwa sababu ya uzembe wake. Hakusema neno. Alitusafishia mkanda, akatutoza bei kamili.

Kamera ikifunguliwa hivyo, picha zilizopigwa mwisho ndizo zinazoungua kwanza, maana ziko juu ya mviringo. Zilizopigwa mwanzo zimefunikwa na wenzake. Kati ya picha 36 zilipona nne, nazo nusu nusu. Katika ya tatu mama yule amesimama mlangoni pa kanisa akingoja zamu yake, na mtoto ametugeukia, macho amefumba kidogo. Mwali wa rangi ya chungwa umemkata mama begani. Uso wa mtoto haukuguswa.

Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Ilikuwa ndani ya meza yenu siku ile nilipokuja?" Tukajibu kwamba ndiyo, ilikuwamo. Hofu ya kuaibika ilikuwa imetuzuia hata kwenda kujaribu. Jumapili iliyofuata tulilisema jambo hili mbele ya kanisa zima na kuisafisha studio ile, na haikuwa rahisi.

Siku hizi twapiga picha kwa simu kama watu wote, mia kwa juma, na nyingi hatuzitazami tena. Pentax iko kabatini. Mwaka jana mama yule alituita nyumbani kwake, maana picha yake imeanza kufifia, akataka tuipige kwa simu ili ichapishwe upya. Tukaipeleka dirishani penye mwanga, tukaipiga. Tulipotaka kuondoka akatunyoshea mkono apewe simu. Akahakikisha kwanza kwamba mtoto amo, ndipo akatuaga.