VITABU VYETU NA HESHIMA YA WATOTO WETU

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ngonga, Kyela



Wapendwa viongozi wa Jumuiya, makatekista, akina mama na akina baba,

Kamati ya Haki na Amani imezoea kutuita ili tuzungumzie mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na rushwa. Leo naomba tuzungumzie vitabu.

Siku moja niliwaomba watoto wa Utoto Mtakatifu wachore mtoto anayesoma. Walichora vizuri, ila karibu wote walichora mtoto mweupe mwenye nywele ndefu za manjano. Nilipomwuliza binti mmoja sababu, alijibu bila kusita: "Baba, watu wa kwenye vitabu ndivyo walivyo." Sikuwa na la kumjibu, kwa maana hata mimi nilikulia katika hadithi zilizojaa theluji, na sikuona ajabu yoyote.

1. Hili ni suala la haki

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba utamaduni ni haki ya kila mtu. Mtoto asiyejiona kitabuni hujifunza kimya kimya kwamba hekima ni mali ya wengine.

Mfano tunao hapa hapa. Katika miaka ya 1930 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikuja kuchunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu Good Company, kinachoeleza vijiji vyetu vya marika. Ni kazi ya maana. Lakini Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani na mkalimani wao, jina lake halimo jaladani. Babu zetu walisimulia, mgeni akaandika, tena kwa Kiingereza. Je, wajukuu wao watabaki wasimulizi tu?

2. Vitabu ninavyovipendekeza

Kwa watoto: Tafuteni kazi za John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, anayeandika na kuchora mwenyewe kwa mtindo wa Tingatinga. Kisa chake kimoja kinahusu wanyama wenye njaa na mti wa ajabu usiodondosha matunda mpaka utajwe kwa jina lake. Wakubwa wanamdharau sungura kwa udogo wake. Mwishowe ni yeye anayelikumbuka jina. Vilevile Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, umewezesha kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili.

Kwa vijana: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, wakati wa utawala wa Waingereza. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa hoja, bila matusi wala ngumi. Kila mjumbe wa Haki na Amani angefaa kukisoma.

Kwa wazazi: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi. Kitabu hiki cha mwaka 1971 kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na mimi simpi mtoto mdogo. Lakini baba anayedhani fimbo yatosha kumlea binti, na akisome polepole.

Tena yupo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Sisi tunaoijua njuruku, kuuza kakao ingali mtini, tunajua deni linavyoingia nyumbani. Na mabinti wanaopelekwa mjini kutumika majumbani, je, wao si akina Yusuf?

Sisemi tuvichome vitabu vya wageni. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mwenye chakula kwake hula kwa jirani bila kuona haya.

3. Tufanye nini?

Najua bei ya kitabu ni mzigo kwa nyumba yenye ada na dawa za kulipia. Kwa hiyo naomba kila Jumuiya inunue kitabu kimoja tu baada ya mavuno, kisha Jumuiya zibadilishane. Asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake. Naye bibi alipe kwa hadithi, mjukuu aiandike daftarini na kuichora. Nimeweka sanduku sakristia kwa ajili ya madaftari hayo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

(a) Nyumbani kwako kuna kitabu gani, na watu waliochorwa humo ni akina nani?
(b) Ni hadithi gani ya wazee wetu itapotea tusipoiandika mwaka huu?
(c) Jumuiya yetu itaanza na kitabu kipi, na nani atakitunza?

Mungu awabariki.