Mgeni Asiyepewa Jembe: Mwalimu na Likizo Ndefu

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa walimu wa shule za msingi na wazee wa sharika, mkoani Singida, kabla ya likizo ya Desemba.)



Tunajua mvua za kwanza zimeshanyesha na karibu kila mmoja wenu ana shamba linalomsubiri. Mada yetu ya leo inamhusu yule asiye na shamba linalomsubiri.

Tumeombwa kuzungumza juu ya mwalimu anayechoshwa na likizo ndefu. Watu wengi wakisikia hivyo hucheka. Husema, "Mwalimu analipwa akiwa amelala, halafu analalamika kuwa amechoka kulala!" Hata sisi wa ofisi ya miradi tulikuwa na mawazo hayo. Tuwaeleze yaliyotubadilisha.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Desemba, tulikwenda kukagua tangi la maji ya mvua katika shule moja ya msingi hapa mkoani. Shule zilikuwa zimefungwa wiki mbili tayari. Kijiji kilikuwa kimya, watu wote wako mashambani wakipanda mtama na uwele. Tulimkuta mwalimu mmoja kijana ameketi barazani kwenye nyumba za walimu, peke yake na redio. Wenzake watatu walikuwa wamesafiri. Kwao ni Kagera, na nauli ya kwenda na kurudi ingekula sehemu kubwa ya mshahara wake. Mnajua kuwa mtumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili. Mwaka ule haukuwa wa zamu yake.

Alitupikia chai kabla hatujaketi vizuri. Akatuonyesha maazimio ya kazi aliyokwisha kuyaandika mpaka mwezi wa sita. Akatuonyesha vitabu vya Darasa la Tatu, vyote amevitia majalada mapya ya karatasi za mifuko ya saruji. Tulipoaga akasema, "Mbona mapema hivyo?" Kisha, tukiwa tunaingia garini, akatuambia maneno haya:

"Shule ikiwa wazi nina watoto 90 darasani, hata nafasi ya kupumua sina. Ikifungwa, naweza kumaliza siku tatu bila mtu kuniita jina. Siku hizi saa nne asubuhi nakwenda kilabuni. Sifuati pombe, nafuata sauti za watu. Lakini pombe nayo ipo palepale."

Tulirudi ofisini tukaandika taarifa: tangi halivuji, mfereji mmoja wa bati umelegea. Habari za mwalimu hatukuziandika, kwa kuwa fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Mwezi wa tatu tukasikia ameandika barua ya kuomba uhamisho. Shule yenye walimu wanne ingebaki na watatu.

Hapo ndipo tulipokwenda kuzungumza na wazee wa usharika wa kijiji kile. Wakatuambia, "Ni mwalimu mzuri sana, ana miaka mitano hapa." Tukauliza, katika miaka hiyo mitano nani amewahi kumwonyesha kipande cha kulima? Kimya. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Tulidhani mwalimu hapendi kuchafuka."

Ndugu zetu, wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa, akisisitiza kwamba katika jamii zetu kila mtu alifanya kazi. Sisi tunaona kuwa methali hii ina upande wa pili. Anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni. Mwalimu yule alikuwa na miaka mitano kijijini na bado alikuwa katika siku yake ya pili. Alipewa heshima, alipewa kiti cha mbele kwenye mikutano, lakini hakupewa jembe.

Likizo ya Desemba huchukua takribani wiki tano, na ile ya katikati ya mwaka huchukua karibu mwezi mzima. Kwa siku 194 za masomo kengele humwambia mwalimu aende wapi na afanye nini. Kengele ikinyamaza ndipo anapojua kama ana majirani au ana wanafunzi tu.

Tusisahau pia kwamba walimu hawafanani. Mwalimu wa kike mwenye watoto wadogo hatatuambia kuwa likizo humchosha kwa kukosa kazi. Yeye huchoshwa na kazi isiyoonekana. Mada hii inamhusu zaidi yule aliye mbali na kwao, hasa kijana wa ajira mpya.

Hivyo basi, kwenu walimu tuna mambo matatu:

Kwanza, pumzikeni kwanza. Wiki ya kwanza ya likizo isiwe na aibu. Aliyefundisha watoto 90 ana haki ya kulala.

Pili, msikimbilie masomo ya likizo kwa malipo. Viongozi wa elimu wamekwisha kuyakataza mara kadhaa, na watoto nao wanahitaji kupumzika na kuwa na wazazi wao.

Tatu, semeni. Usingoje mtu akisie kuwa uko peke yako. Vijana husema "naboreka" na kucheka, lakini ndani ya neno hilo mna upweke, na upweke usiosemwa huishia pabaya.

Kwenu wazee wa sharika tuna jambo moja tu, nalo ni jembe. Mwalimu yule alipewa nusu ekari na mbegu za alizeti. Mistari yake ya kwanza ilipinda, watu wakamcheka, akacheka nao. Wakati wa palizi walimwita kwa zamu kama wanavyoitana wao kwa wao. Mavuno yalipofika, walimwita awasaidie kupiga hesabu mbele ya mnunuzi aliyetaka magunia ya lumbesa. Kilabuni bado hupita, lakini jioni, pamoja na wenzake waliotoka shamba.

Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Bado anakumbuka kwao, na bado anadai nauli yake kama walimu wengine wengi. Kuna mwaka huenda akaondoka. Lakini barua ile ya uhamisho aliiondoa mwenyewe, na shule ina walimu wanne.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Tunawaomba kila mzee, kabla ya kurudi nyumbani leo, amtafute mwalimu wa kijijini kwake na kumwuliza swali moja: "Mwalimu, likizo hii utakuwa wapi?" Akijibu, "Nipo tu," basi jembe mnajua liliko.