Sauti ya Gitaa na Neno la Zaburi

Vijana wetu wa kwaya huzunguka madukani Kariakoo wakijaribu pedali kuukuu za gitaa: hii yatoa mwangwi, ile mkwaruzo. Chombo hicho huupokea umeme hafifu wa gitaa na kuugeuza kabla haujafika kwenye amplifaya. Nyuzi zisizolingana hubaki hazilingani, ila kwa kishindo zaidi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa jijini humu mwaka 1964, ilitegemea magitaa yaliyosikilizana. Naye Daudi alimtuliza Sauli kwa kinubi tu! Mwangwi siukatai, ni mtamu. Bali bibi wa benchi la nyuma asipolisikia neno la zaburi, michango ya kwaya imenunua nini? Mwendapo dukani, mchukueni na mwimbaji, aimbe papo hapo.